Muulize Bibi Mvuke: Maji Baridi Kwanza, Kiberiti Baadaye

Barua za safari hii zimenikuta na vidole vyeusi, silinda ya injini ndogo ya mvuke ya mtu mwingine ikiwa imefunguliwa juu ya gazeti. Nimezisoma zote. Nyingi zinauliza habari za moto. Majibu yangu, mtaona wenyewe, karibu yote ni habari za maji.

*Shikamoo Bibi. Marehemu mjomba aliniachia kichwa cha treni cha mvuke, cha shaba, kinachotembea kwenye reli ya milimita 45. Kinatumia spiriti. Kimekaa kabatini zaidi ya miaka 30. Nataka kukisugua king'ae, nikipake rangi mpya, kisha Jumamosi nikiwashe wanangu wakione. Nianzie wapi?*
*Mpwa wa Marehemu*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Anza kwa kuweka chini hilo kopo la rangi. Rangi ya kiwandani, hata ikiwa imebanduka nusu, ndiyo cheti cha kuzaliwa cha injini. Wakusanyaji huitazama hiyo kabla hawajatazama magurudumu, na ukishaikwangua hairudi. Futa vumbi kwa kitambaa laini chenye tone la mafuta mepesi, uishie hapo. Dawa ya kung'arishia shaba nayo hujificha kwenye vichwa vya ribiti ikakauka kuwa unga mweupe, utaichokoa kwa kijiti mwaka mzima.

Kabla hujafungua chochote, tazama utambi wa taa na uzi uliozungushiwa mabomba. Katika injini za zamani mara nyingi ulikuwa wa asbestosi. Ukiona nyuzinyuzi za kijivu zinazochambuka, usizivute zikiwa kavu wala usizipulize. Mpelekee anayejua kuziondoa.

Magurudumu yakigoma kuzunguka usiyalazimishe. Mafuta ya mjomba yameshakuwa gundi. Yadondoshee mafuta ya taa kwenye maungio, uyaache yalale, kesho udondoshee tena. Nimewahi kungoja siku 9 kwa injini moja ambayo mwenyewe alikuwa tayari ameishikia koleo.

Na Jumamosi iache ipite. Ukali wangu hapa una sababu. Mimi nilitokea kwenye cherehani. Nimefungua na kufunga cherehani maisha yangu yote, nikadhani mashine ni mashine. Injini yangu ya kwanza niliijaza maji, nikawasha spiriti, ikatembea vizuri mno. Akaja mgeni, tukanogewa na maongezi, nikasahau kuwa spiriti niliyotia ilikuwa nyingi kuliko maji. Maji yakaisha, moto ukabaki. Sasa elewa hesabu yake: kwenye presha ya psi 40 (pauni kwa kila inchi ya mraba) maji huchemka kwa nyuzi 141 hivi za Selsiasi, na madhali yamo ndani, shaba iliyogusana nayo haipandi mbali sana na hapo. Risasi laini ya kulehemu huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 180 na kitu. Boila, yaani tangi la kuchemshia maji, likikauka hakuna tena wa kuizuia shaba isipande. Tulisikia kitu kikidondoka, kama sarafu kwenye sinia. Lilikuwa bomba la moshi, limejing'oa lenyewe na kulala kando ya reli. Tangu siku ile napima spiriti kwa bomba la sindano, ili moto ufe maji yakiwa bado yamebaki.

Boila la mjomba, basi, lipimwe kwa maji baridi kabla ya kiberiti chochote. Toa vali ya usalama, ziba tundu lake, jaza maji hadi kisibaki hata kiputo kimoja cha hewa, halafu unganisha pampu ya mkono yenye geji. Boila jipya kwa kawaida hupimwa kwa mara 2 ya presha yake ya kazi. La zamani kama lako, mara 1.5. Panda polepole, kisha iache dakika 20 huku ukiitazama sindano ya geji. Ikishuka, tafuta panapolia machozi. Kwa nini baridi? Kwa sababu maji hayabanwi. Boila likipasuka likiwa na maji baridi litakulowesha mikono, basi. Lakini maji yakigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida hutaka nafasi mara 1,600 hivi ya ile ya mwanzo, na boila likipasuka wakati huo hutaka nafasi hiyo kwa ghafla, usoni pako.

Kama hujui presha yake ya kazi, usibahatishe. Mtafute anayeijua aina hiyo ya injini. Likishafaulu, jaribu vali ya usalama peke yake, kisha endesha injini kwa hewa ya kompresa, psi 15 au 20 tu, uone kama inazunguka bila kukwama. Ndipo tuongee habari ya Jumamosi, na si hii inayokuja.

*Bibi, kila nikimaliza kuendesha nikifungua kikopo cha mafuta nakuta maji. Fundi ameniambia boila limetoboka. Ni kweli?*
*Mwenye Wasiwasi*

Mrudishie fundi huyo salamu zangu, na usimrudishie injini. Kikopo hicho, kinachopeleka mafuta silinda, kimefanya kazi yake. Mvuke huingia humo kwa kitundu, hupoa, hugeuka maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo huzama, na mafuta hupanda juu na kutoka kwa kitundu kilekile kuufuata mvuke kwenda silinda. Hakuna pampu, hakuna gia. Maji ndiyo yanayosukuma. Siku utakayofungua ukakuta mafuta yamejaa vilevile ndipo uogope, maana kitundu kimeziba na pistoni zinatembea kavu.

Ngoja presha ishuke kabisa, nyonya maji kwa bomba la sindano, jaza upya. Tumia mafuta ya silinda za mvuke, yale mazito kama asali. Oili ya gari hapana: ikikutana na mvuke huvurugika ikawa uji wa rangi ya maziwa. Kwa ekseli na fimbo za magurudumu, mafuta mepesi ya mashine yanatosha. Ya cherehani nami sijayaacha.

*Injini yangu ya mvuke inayochemshwa kwa gesi hupiga mluzi, na asubuhi za baridi moto hudhoofika mpaka unazima. Nimezibua nozeli kwa sindano lakini hali imekuwa mbaya zaidi.*
*Asiyelala*

Kwa sindano! Kitundu cha nozeli, ambapo gesi hutokea kwenda kwenye moto, kwa kawaida hakifiki robo ya milimita, na umbo lake ndilo linaloamua moto uweje. Ukishakipanua hakuna wa kukirudisha. Nunua nozeli mpya. Siku nyingine loweka kwenye asetoni, kisha ipulize kwa hewa au kwa gesi yenyewe, kutoka upande wa mbele kurudi nyuma.

Mluzi ni ugomvi wa gesi na hewa. Punguza gesi, zungusha pete ya hewa kidogo kidogo mpaka inyamaze. Mara nyingi huacha yenyewe boila likipata joto, kwa hiyo usianze kufungua skrubu katika dakika ya kwanza.

Baridi ni jambo jingine. Butane, gesi iliyomo tangini, huchemka kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri, hivyo asubuhi ya baridi kali inabaki na nguvu kidogo sana. Tena kila inapogeuka gesi hula joto la tangi lake, na tangi huzidi kupoa kadiri injini inavyotembea. Kama mtengenezaji ameruhusu, tumia mchanganyiko wa butane na propane. La sivyo, lizungushie tangi maji ya uvuguvugu, yale ya kuogeshea mtoto mchanga. Maji ya moto usithubutu, na mwali wa moto usiusogeze hata kwa mzaha.

*Kwa nini injini yangu inatema maji kwa bomba la moshi inapoanza?*
*Niliyelowa*

Silinda bado ni baridi, mvuke unaofika unageuka maji. Isukume kwa mkono taratibu, mbele na nyuma, hadi yatoke. Ukilazimisha kwa presha, fimbo hupinda, maana maji, nimeshasema, hayabanwi. Ikiwa raundi ya pili bado inatema, umejaza boila kupita kiasi. Robo tatu yatosha. Na uso wako juu ya bomba ulikuwa unatafuta nini?

*Mume wangu ana injini 14 na hajawahi kuwasha hata moja. Huu ni ugonjwa?*
*Mke wa Mkusanyaji*

Kama ni ugonjwa, una wazee wake. Mwaka 1784 huko Redruth, Uingereza, William Murdoch, mfanyakazi wa Boulton na Watt, kampuni ya injini za mvuke, alitengeneza kigari kidogo cha mvuke chenye boila la shaba na taa ya spiriti. Kilitembea miaka 20 kabla Richard Trevithick hajapitisha injini kubwa juu ya reli, mwaka 1804. Kwa hiyo wanaosema vyetu ni vitoto vya treni wamegeuza ukoo kichwa chini. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja kilimponyoka njiani, mchungaji wa kanisa akakikuta kinakuja kwa moto na kelele, akadhani ni Ibilisi. Leo kimetulia ndani ya jumba la makumbusho mjini Birmingham, na hakuna anayekiwasha.

Mumeo mwambie azungushe magurudumu kwa mkono mara moja kwa mwezi, tone la mafuta kila ekseli, na asiache maji ndani ya boila hata moja. Lakini chungulia makaratasi yake. Ukikuta kati ya hizo 14 ipo yenye cheti cha kupimwa boila ambacho hakijaisha muda, nunua chupa ya spiriti, iweke mezani, usiseme neno.