Jibu: Modeli yako ya vuli ilikosea wapi mwaka 2019
Habari ndugu. Umeuliza kwa nini modeli yako, inayotabiri mvua za vuli kwa El Niño (joto la Pasifiki ya ikweta kupanda kuliko kawaida) pekee, ilikosea mwaka 2019, mvua zilipofurika ilhali joto la Pasifiki lilikuwa karibu na kawaida. Kagua kwanza Bahari ya Hindi: chukua kiasi ambacho joto la maji lilipita wastani upande wetu wa magharibi, kisha utoe kile cha upande wa mashariki, karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Mwaka ule tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno, pepo za ikweta zitokazo magharibi zikadhoofika, na hewa yenye unyevu ikapanda juu ya Afrika Mashariki. Nilipoongeza safu moja ya tofauti hiyo kwenye jedwali langu, utabiri wa vuli wa 1997 na 2019 ulikaa vizuri; kwa masika haikunisaidia.