Tarehe Iliyo Nyuma ya Beji Si Umri Wake

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na ninaishi Columbus, Ohio. Mwezi uliopita nilinunua boksi la beji za zamani kwenye mnada wa vitu vya marehemu, na tatu kati yake zinanisumbua. Ya kwanza ina mtoto mwenye upara aliyevaa kanzu ya njano, na karatasi iliyo nyuma inataja sigara za High Admiral. Ya pili ina sura ya Rais William McKinley wa Marekani, aliyegombea mwaka 1896. Nyuma imebandikwa karatasi yenye tarehe tatu, yaani 17 Julai 1894, 14 Aprili 1896 na 21 Julai 1896, na ukingo wake umekwanguliwa mahali pamoja hadi bati linang'aa. Ya tatu ni ndogo sana, ina picha ya Superman na nyuma ina jina la nafaka za Pep. Mkadiriaji mmoja katika kundi letu la WhatsApp ameziona kwa picha, akasema ya McKinley ndiyo yenye thamani kuliko zote kwa kuwa mwaka wake umeandikwa waziwazi. Amenishauri nizisafishe kwa dawa ya meno, nizijaribu kwa sindano ya moto ili kujua kama ni seluloidi halisi (ile plastiki ya kale), kisha nizifunge kwenye mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa. Je, nifuate ushauri wake?

JIBU: Marahaba. Usiufuate, na sindano hiyo usiiguse kabisa. Nitaeleza sababu yake baadaye. Nakushukuru kwa kutaja ule ukingo uliokwanguliwa, kwa sababu wengi wanaoniletea beji za namna hiyo ama hawauoni ama huufunika kwa kidole gumba wanapopiga picha.

Nianze na tarehe, kwa maana ndizo zinazowapotosha watu kila siku. Mtu huja na beji ameshaigeuza nyuma, ananionyesha 1896 kwa ncha ya kalamu, na ninapomwambia kwamba huo si mwaka wa kutengenezwa kwake hunitazama kana kwamba nimemdhulumu mali yake. Tarehe tatu ulizozitaja ni tarehe za hataza, yaani siku ambazo serikali ya Marekani ilitoa haki za uvumbuzi zilizokuwa mikononi mwa kampuni ya Whitehead & Hoag ya Newark, New Jersey. Ile ya mwisho, ya 21 Julai 1896, ilitolewa kwa George B. Adams kwa ajili ya namna ya kuipachika pini ya waya ndani ya tundu la nyuma ya beji. Hataza ya Marekani wakati ule ilidumu miaka 17 tangu kutolewa. Maana yake ni kwamba kampuni ilikuwa na kila sababu ya kuendelea kuzichapa tarehe hizo hizo kwenye karatasi za nyuma mwaka baada ya mwaka, kama onyo kwa washindani wake, hata beji yenyewe iwe imetoka kiwandani jana. Uthibitisho wake ni mwepesi: zipo beji za kampeni ya Theodore Roosevelt na mgombea mwenza wake Charles Fairbanks, waliosimama pamoja mwaka 1904, ambazo nyuma yake zina tarehe za 1896. Hakuna anayeweza kudai kwamba beji hizo zilitengenezwa miaka minane kabla ya uchaguzi wenyewe.

Kwa hiyo tarehe ya hataza inakuambia jambo moja tu la hakika, kwamba karatasi hiyo haikuchapwa kabla ya tarehe hiyo. Baada ya hapo huna budi kuuliza mwili wa beji, na mwili wa beji hauna mengi ya kuficha kwa mtu mwenye kioo cha kukuzia na subira.

Beji ya seluloidi, ambayo ndiyo iliyoanza kuenea Marekani mwaka 1896, imejengwa kwa tabaka. Picha huchapwa kwenye karatasi, juu yake hulazwa ngozi nyembamba ya seluloidi inayopitisha mwanga, kisha vyote viwili hunyooshwa juu ya kisahani cha chuma na kingo zake kukunjwa kuelekea nyuma, ambako hubanwa na pete ya chuma. Pini ya waya hukaa ndani ya pete hiyo kwa nguvu ya mnyumbuko wake wenyewe, na karatasi ya mtengenezaji huingizwa nyuma ya waya, ikashikwa na pete bila gundi. Haikuwa bahati kwamba kazi hii ilishamiri Newark: kiwanda cha seluloidi cha John Wesley Hyatt kilikuwa kimehamia mji huo kutoka Albany mwanzoni mwa miaka ya 1870, hivyo malighafi ilikuwa jirani. Kabla ya hapo, aliyetaka kuvaa sura ya mgombea wake alitumia vifungo vya shaba vya kushonea, kama vile vya kuapishwa kwa George Washington mwaka 1789, au vijipicha vya bati vilivyofungwa ndani ya kifremu, kama vya Abraham Lincoln mwaka 1860. Seluloidi ilileta rangi kamili kwa gharama ndogo mno, na ndiyo maana katika mwaka huo mmoja wa 1896 beji zilibeba sura za McKinley na mpinzani wake William Jennings Bryan, matangazo ya watengenezaji wa baiskeli, na zawadi za makampuni ya sigara.

Aina ya pili ni beji ya bati iliyochapwa kwa lithografia. Hapa hakuna karatasi ya picha, hakuna seluloidi wala pete. Rangi huchapwa moja kwa moja juu ya bati, kisha bati hukatwa na ukingo wake kukunjwa, na pini hubanwa ndani ya mkunjo huo. Ukiikwaruza, chini ya rangi unakutana na chuma papo hapo. Beji za namna hii zilianza kutumika katika kampeni za Marekani karibu na uchaguzi wa 1916 na kuenea kuanzia 1920. McKinley aliuawa mwaka 1901. Beji yake ya kampeni iliyochapwa moja kwa moja juu ya bati haiwezi kuwa ya wakati wake, na hakuna karatasi inayoweza kulibadilisha hilo.

Sasa itazame ya kwako. Umesema kwamba pamekwanguliwa hadi bati linang'aa, na kwamba karatasi *imebandikwa*. Maneno hayo mawili yamenitosha kuishuku hata kabla ya kuiona. Mwaka 1972 kampuni ya mafuta ya American Oil ilitoa seti ya beji za bati zinazoiga beji za kampeni za zamani kuanzia 1896, zikatawanywa kwa wingi sana. Kampuni hiyo haikumdanganya mtu: kila moja ilichapwa alama ndogo ya A-O-1972 kwenye ukingo. Alama hiyo ndiyo ambayo wauzaji wasio waaminifu huikwangua kwa kisu au msasa. Niliwahi kuletewa moja ya hivyo, na chini ya kioo ulionekana mkwaruzo wenye urefu wa punje ya mchele, mistari yake yote ikielekea upande mmoja, wakati sehemu nyingine ya ukingo ilikuwa safi kabisa. Uchakavu wa kweli hauchagui mahali pamoja namna hiyo. Karatasi yake ya nyuma ilikuwa nakala ya mashine iliyotiwa rangi ya chai. Maji ya chai yalikuwa yamejikusanya kwenye kingo na kuacha mstari mweusi, na gundi ilikuwa imemwagikia pini. Beji ya bati haina pete ya kuishika karatasi, na ndiyo sababu mdanganyifu hulazimika kutumia gundi. Geuza ya kwako uangalie hayo. Ukiyakuta, unayo kumbukumbu ya 1972 ya thamani ndogo, iliyoharibiwa na mtu aliyetaka kumlaghai mwenzake.

Sheria ipo. Mwaka 1973 Marekani ilipitisha sheria ya kuwalinda wakusanyaji, inayotaka kila nakala ya kitu cha kisiasa ichapwe mwaka halisi wa kutengenezwa kwake, kwa namna inayoonekana na ya kudumu. Lakini sheria haikai sokoni ikiangalia nani ana msasa mkononi.

Mbili zilizobaki hazina shida kubwa. Mtoto mwenye kanzu ya njano ni yule wa mchoraji Richard F. Outcault, aliyejulikana New York tangu 1895 katika gazeti la World, kisha akahamia na mchoraji wake katika gazeti la mshindani wake, William Randolph Hearst, mwaka 1896. Sigara za High Admiral zilitoa beji zake kwa mfululizo mrefu wenye namba. Itazame kwa kioo: ukiona seluloidi ikiinama juu ya ukingo na kuzama chini ya pete, na karatasi ya nyuma ikiwa huru bila gundi, una sababu nzuri ya kufurahi. Ile ya Superman ni ya bati, kama inavyopasa, kwa sababu Kellogg's iliziweka beji hizo ndani ya maboksi ya nafaka za Pep katikati ya miaka ya 1940. Superman aliwekwa katika kila toleo la mfululizo ule, hivyo yeye ndiye anayepatikana kwa urahisi kuliko wenzake.

Nirudi kwenye sindano. Seluloidi ya zamani ni nitroselulosi iliyochanganywa na kafuri, ndugu wa karibu wa baruti ya pamba, na ni kitu kile kile kilichotengenezea mikanda ya sinema iliyounguza majumba ya maonyesho. Ukigusa ngozi nyembamba namna hiyo kwa chuma cha moto, jambo dogo kabisa litakalotokea ni tundu lisilozibika kwenye uso wa kitu ulichotaka kukithibitisha, na jambo kubwa ni moto mkononi mwako. Anayemshauri mtu ambaye hajawahi kushika seluloidi afanye hivyo mezani kwake, nyumbani kwenye watoto, hajui kazi anayoizungumzia, na inaniumiza kuona ushauri huo ukisambazwa kana kwamba ni elimu.

Dawa ya meno ni changarawe laini. Huondoa mng'ao wa seluloidi, na kwenye bati huondoa rangi yenyewe. Maji yanayoandamana nayo hupenya pembeni, yakaingia chini ya seluloidi, karatasi ya picha ikanywa, na baada ya wiki chache hutokea madoa ya kahawia ambayo hakuna fundi anayeweza kuyatoa bila kuibomoa beji, huku kutu ikianza ndani usikoiona. Beji zilizokaa salama kwa zaidi ya miaka 100 katika droo ya bibi zimekufa mikononi mwangu kwa sababu ya nusu saa ya usafi. Vumbi lifute kwa brashi laini iliyo kavu, na uishie hapo.

Mfuko usiopitisha hewa ni kosa la tatu. Seluloidi inapozeeka hutoa hewa yenye asidi ya nitriki, na hewa hiyo ikifungiwa pamoja nayo huharakisha uozo ule ule ulioitoa, ikala chuma na karatasi, kisha ikahamia kwa beji za jirani. Zilaze kwenye kisanduku cha karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu, penye ubaridi na hewa inayozunguka, mbali na jua. Ukiona moja inatoa jasho, inapasuka kama matope makavu au ina harufu kali, itenge na nyingine siku hiyo hiyo.

Kuhusu wakadiriaji wa makundi, nasema hivi kwa ndugu zetu wote walioingia katika biashara hii wakiwa ughaibuni. Picha ya simu haionyeshi mkunjo wa seluloidi, haitofautishi wino wa mashine ya kunakili na wino wa kiwanda, na haiwezi kukuambia kama karatasi ilihamishwa kutoka kwa beji nyingine iliyovunjika, mchezo unaofanywa sana kwa sababu karatasi halisi huchomoka kwa urahisi. Anayekutajia bei kabla ya kukuuliza kama kuna pete nyuma, hajaanza kuitazama beji yako. Na mara nyingi anayesema kitu chako ni cha thamani kubwa ndiye huyo huyo anayejitolea kukutafutia mnunuzi kwa malipo ya mbele. Kipo chama cha wakusanyaji wa vitu vya kisiasa vya Marekani, kilichoanzishwa 1945, ambacho wanachama wake wametumia miongo kadhaa kuorodhesha nakala na beji za kughushi. Waulize hao kabla ya kumpa mtu senti yako.

Ile ya McKinley usiitupe. Ikiwa ni nakala kama ninavyoshuku, itoe karatasi ya uongo, iweke ndani ya boksi pamoja na kadi uliyoandika 1972 kwa penseli, ili atakayeirithi kwako asije akaiuza kama ya 1896.