Mizizi ya Okidi Huhitaji Hewa: Ushauri kwa Wanaoanza Kuikuza Kisumu

Anayenunua okidi kwa mara ya kwanza huyatazama maua, kisha majani, na mizizi huikumbuka mmea ukiwa umekwisha kudhoofika. Wewe unayeanza, tafadhali anza na mizizi, kwa sababu okidi nyingi ambazo majirani zangu huniletea zikiwa mahututi hazikuathiriwa na kiu bali na mizizi iliyokosa hewa.

Okidi za aina ya Phalaenopsis, Vanda na Dendrobium nyingi kwa asili huota juu ya miti. Hata katika msitu wa Kakamega zipo okidi za kienyeji zilizoshika magome, mizizi yake ikiwa wazi, ikilowa kwa mvua na kukaushwa na upepo muda mfupi baadaye. Mzizi wa namna hiyo umevikwa velameni, yaani tabaka la seli zilizokufa ambalo hufyonza maji haraka kama sifongo na kuyapitisha ndani. Tabaka hilo likijaa maji wakati wote, oksijeni haipenyi, seli hai zilizo ndani hufa, na kuvu waozeshao hupata nafasi. Ndiyo maana udongo wa shambani, hata ule mweusi wa nyanda za Kano unaostawisha mpunga, haufai kabisa kwa mimea hii. Tumia vipande vya makaa na magome makavu ya paini, pamoja na makumbi kidogo ya nazi. Makumbi yaloweke kwanza na kuyabadilishia maji mara kadhaa, kwani mara nyingi huwa na chumvi. Chombo kiwe na matundu mengi. Kikiwa cha plastiki angavu ni bora zaidi, kwa kuwa utaiona mizizi bila kuing'oa.

Usimwagilie kwa kufuata kalenda. Mzizi mkavu wa Phalaenopsis una rangi ya fedha, uliolowa ni wa kijani. Ukiona kijani, subiri. Ratiba ya rafiki aliye Nakuru, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850 na wenye usiku wa baridi, haiwezi kuwa ratiba ya Kisumu, ulio karibu mita 1,130 kando ya ziwa. Hata hapa hapa Kisumu, jua la Januari hukausha chombo upesi, ilhali wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, unyevu hukawia na mimea iliyo nje huhitaji paa. Mwagilia asubuhi, maji yapite yote, wala usiache sahani yenye maji chini ya chombo.

Jambo linalowapotosha wengi ni majani kunyauka na kufanya mikunjo. Mtu huona kiu, huongeza maji, na hali huzidi kuwa mbaya, kwa kuwa mizizi iliyooza haiwezi kufyonza chochote hata ikizama majini. Kabla ya kuongeza maji, bonyeza mzizi kwa vidole: ulio hai ni mgumu, uliooza ni laini na wa hudhurungi, na ganda lake huvuliwa kwa urahisi likabaki uzi mwembamba. Mizizi inayotokeza nje ya chombo ni ya kawaida, na kuikata kwa ajili ya unadhifu ni kuunyima mmea chakula.

Maji ya mvua ndiyo ninayoyapendelea, kwa maana visima vingi vya Bonde la Ufa vina chumvi na floridi. Mbolea itiwe nusu ya kipimo cha kwenye pakiti au chini yake, tena juu ya mizizi iliyokwisha kulowa, kwani mbolea kali huunguza ncha.

Baada ya mwaka mmoja au miwili magome huoza na kushikamana, na hapo mmea uhamishwe, ikiwezekana maua yakiwa yameisha. Pitisha kisu motoni, kata mizizi iliyokufa pekee, paka unga wa mdalasini kwenye jeraha tu, kwa sababu unakausha hata mzizi mzima, kisha panda katika chombo kinachoibana mizizi kidogo. Uweke mmea kivulini, usubiri siku chache kabla ya kumwagilia, na mbolea uiache hadi uone ncha mpya za kijani zikichomoza.