Mikono ya wavuvi iko wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina miaka 23, napiga video za harusi na kipaimara hapa Morogoro. Ufundi nimejifunzia YouTube. Wewe mwanzo ulishikwa mkono na nani? Na je, ninunue lenzi mpya kwanza au nitafute mtu wa kunifundisha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi nilishikwa mkono na mpiga picha mmoja wa Dar es Salaam, mtu mkimya, mvuta sigara, niliyekuwa nambebea miguu ya kamera. Kamera yake ilikuwa Bolex ya milimita 16. Haikuwa na betri: unaikaza springi kwa mkono kama unatia saa ufunguo, ukibonyeza inakwenda chini ya nusu dakika, basi, imesimama. Wiki tatu nzima alinipa kamera tupu, bila mkanda, nizunguke nayo nikihesabu sekunde kwa sauti. Kariakoo walidhani nimerukwa na akili.

Ndipo akanipa rola moja ya futi 100. Kwa picha 24 kila sekunde, hiyo ni dakika mbili na robo tatu hivi. Hakuna kufuta, na mkanda wenyewe ulikuwa ghali kuliko mshahara wangu (mshahara gani, nilikuwa napewa nauli). Nikaenda Feri, kwenye soko la samaki, alfajiri, nikapiga mashua, bahari, jua, mashua tena. Rola ikapelekwa nje kusafishwa, ikarudi baada ya wiki nyingi. Tukatundika shuka ukutani, tukaitazama. Akavuta sigara yake mpaka kwenye kishungi, kisha akauliza: "Mikono ya wavuvi iko wapi?"

Sikuwa nayo. Hata uso wa mtu mmoja sikuwa nao; nilisimama mbali kwa aibu. Kesho yake nikarudi Feri bila kamera, nikakaa na mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu, nikavitazama vidole vyake hadi saa nne. Ugonjwa uliniingia pale, na haujatoka. Mpaka leo nikipiga kwa simu nahesabu kimoyomoyo, wajukuu wananicheka.

Lenzi isubiri. Tafuta mtu mwenye kazi, umbebee miguu ya kamera hata kwa nauli tu. Na kwenye harusi ya Jumamosi hii, mwache bibi harusi dakika mbili, zunguka nyuma kwa wanaopika pilau, usogee karibu.