Shangazi, hiyo Seneti yenu huamua nini hasa?

Mpwa wangu anayesomea sheria Eldoret aliona kipande cha video nilichotuma kwenye kundi la familia, kamati ya Seneti ya Minnesota ikimpiga msasa kamishna aliyeteuliwa na gavana. Akaniandikia: "Shangazi, hapo ndipo mambo yanapoamuliwa kweli? Na wewe una sauti hapo ama unatazama tu kama sisi? Niambie ukweli, usinipe zile hadithi za watu wa majuu." Binamu yake akadakia akitaka kujua hongo hapo ni kiasi gani. Nawajibu wote kwa pamoja, maana niko ofu leo.

Kwanza tuelewane ni Seneti gani. Si ile ya Washington mnayoiona kwenye habari. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, na hili letu liko Saint Paul. Lina maseneta 67, idadi ileile ya maseneta wa Kenya ukimtoa Spika, lakini hawa wanawakilisha watu wasiofika milioni 6. Mnaniuliza kila siku kuhusu Rais, na sikatai kwamba ananihusu. Ila leseni ya udereva, sheria za makao ya wazee ninakofanya kazi na bima ya matibabu ya majirani zangu wasio na uwezo, hayo yanapita mikononi mwa hao 67 na wenzao 134 wa bunge la chini.

Sasa wateule. Kwetu waziri hawezi kuapishwa kabla Bunge halijamkubali. Kamati inamuuliza utajiri wake ni shilingi ngapi, na nchi nzima iko mbele ya televisheni. Huku kamishna, ambaye ndiye waziri wa jimbo, anaanza kazi akishateuliwa. Seneti inaweza kumpigia kura baada ya mwezi, baada ya mwaka, ama ikamsahau kabisa. Kikao chenyewe cha kamati ni cha kusinziza. Mteule anaeleza alikotoka, anashukuru familia, anaulizwa maswali mawili matatu ya adabu, kamati inapendekeza athibitishwe, wanaendelea na ajenda. Video niliyowatumia ndiyo iliyochangamka kuliko zote nilizowahi kuona, na mmeona wenyewe ilivyopooza.

Lakini msidanganyike na huo upole. Seneti ilipokuwa haina tarehe ya mwisho ya kupiga kura, kura ilibaki mfukoni kama rungu. Mwaka 2020, wakati wa korona, Warepublican ndio waliokuwa na Seneti na Gavana Tim Walz ni Mdemocrat. Kila Walz alipoongeza muda wa hali ya dharura, bunge lilibidi liitwe kikao maalumu, na Seneti ikaanza kuwaondoa makamishna wa Walz. Mwezi Agosti akaondolewa Nancy Leppink wa Idara ya Kazi, Septemba akafuata Steve Kelley wa Idara ya Biashara. Wote wawili walikuwa wameteuliwa mwanzoni mwa 2019. Mtu amefanya kazi mwaka na nusu, asubuhi yuko ofisini, kura inapigwa, hana kazi. Hakuna mahakama, hakuna kesi ya nidhamu.

Linganisha na kwetu. Mwaka 2022 kamati ilimkataa Peninah Malonza, Bunge zima likampitisha vilevile. Mwaka 2024, baada ya vijana kuingia barabarani, Stella Soipan Lang'at akakataliwa na kamati, na Bunge likakubaliana na kamati. Mwanangu, ukichunguza utaona Nairobi na Saint Paul kitu kinachofanana: sifa za mteule zinahesabika, lakini hesabu ya nani ana wingi wa viti inatangulia.

Je, nina sauti? Kura sina. Nina green card, sijaapa uraia bado, na mtu asiye raia hapigi kura ya kumchagua seneta. Kuzungumza mbele ya kamati ni jambo jingine. Hapo hakuna anayekuuliza karatasi. Unamwandikia karani wa kamati kabla ya siku ya kikao, jina lako linawekwa kwenye orodha, unakuja. Mimi nimekwenda, tena si kwa ujasiri wangu, ni chama cha wafanyakazi kilichotusukuma.

Hii ilikuwa 2023, Wademocrat wakiwa na Seneti kwa kiti kimoja tu, 34 kwa 33. Kulikuwa na mswada wa kuunda bodi ya kuweka viwango vya mishahara na masharti ya kazi katika makao ya wazee. Nilitoka zamu ya usiku nikiwa na sare yangu, nikakaa kwenye viti vya nyuma. Viti vya mbele walikaa washawishi waliosajiliwa, suti safi, wanamjua karani kwa jina na wanajua mswada gani umesogezwa mbele kabla ya sisi kuambiwa. Binamu, hiyo ndiyo jibu la swali lako la hongo. Bahasha sijaiona. Nilichokiona ni watu wanaolipwa kukaa hapo kutwa, wakati mimi ninawaza kama mwenzangu amekubali kunishikia zamu ya jioni.

Nikaitwa mezani. Huongei na seneta moja kwa moja, hata maseneta wenyewe hawaongeleshani. Kila neno linapitia kwa mwenyekiti: "Mheshimiwa Mwenyekiti na wajumbe," kisha jina lako, kisha dakika mbili. Nilikuwa nimeandika kurasa kadhaa. Nikasoma ile sehemu ya bibi mmoja mwenye kilo nyingi anayehitaji watu wawili kumgeuza, na usiku ule tulikuwa wawili kwa ghorofa nzima, kwa hiyo kila tulipomgeuza yeye, kengele za vyumba vingine zililia bila mtu. Mwenyekiti akanishukuru kwa adabu, muda umekwisha. Seneta mmoja alikuwa anaandika kitu. Mwingine alikuwa kwenye simu.

Mkitarajia kura ilipigwa pale, hapana. Huku mswada mara nyingi hausikiki ukipita wala kuanguka. Unawekwa kando ili baadaye uweze kuingizwa ndani ya mswada mkubwa wa kurasa mamia kwa mamia, na huo ndio unaopigiwa kura Mei, siku za mwisho kabla kikao kufungwa, wakati mwingine usiku wa manane. Wa kwetu uliingizwa ukawa sheria. Bodi ina watu tisa: watatu wa idara za serikali, watatu wa waajiri, watatu wa wafanyakazi. Sitasema ni dakika zangu mbili zilizofanya kazi. Kile kiti kimoja cha ziada kilifanya kazi kubwa zaidi.

Mwaka huohuo ndipo leseni ya udereva ikafunguliwa kwa watu wasio na karatasi za uhamiaji, Walz akatia saini mwezi Machi, ikaanza Oktoba. Watu walikuwa wameipigania miaka 20. Nawajua Wakenya walioendesha gari kwenda kazini miaka yote hiyo wakiswali kila wakiona polisi kwenye kioo.

Na kilichotolewa kinaweza kuchukuliwa tena. Sheria za 2023 ziliruhusu watu wasio na karatasi kujiunga na MinnesotaCare, bima ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, kuanzia Januari 2025. Miezi michache baadaye bunge la chini lilikuwa 67 kwa 67, bajeti haipiti bila maelewano, na viongozi pamoja na gavana wakakubaliana watu wazima waondolewe ifikapo mwisho wa mwaka, watoto wabaki. Makubaliano hayo hayakufanyika kwenye kamati yenye kamera. Siku yalipotangazwa, wabunge wa chama cha gavana mwenyewe walikuwa nje ya mlango wakiupiga kwa ngumi. Katika bunge la chini Mdemocrat aliyepiga kura ya ndiyo alikuwa mmoja tu, kiongozi wao Melissa Hortman, ili serikali isifungwe. Hiyo ilikuwa Juni 9. Juni 14 mtu aliyevaa kama polisi alimuua yeye na mumewe nyumbani kwao Brooklyn Park, mji wenye Wakenya tele, na akampiga risasi Seneta John Hoffman na mkewe, wao wakapona. Hoffman ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya Seneti ya huduma za jamii, ile inayoshughulikia huduma za walemavu na wanaohudumiwa majumbani, kazi inayolisha nusu ya watu wetu hapa. Kwa hiyo mkisema siasa za huku ni za kistaarabu, mimi nanyamaza.

Kuna dada mmoja wa kwetu mwenye kisukari aliyekuwa kwenye bima hiyo. Tulimwomba aende kamati akajieleze. Akakataa, na sikumlaumu: kikao kinarushwa moja kwa moja na kinabaki kwenye intaneti, jina lako na uso wako, kwa yeyote atakayetafuta. Mlango uko wazi, sawa, lakini anayeumizwa zaidi na mswada ndiye asiyethubutu kuupita.

Tumepiga hatua pia. Uchaguzi wa 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alishinda kiti cha bunge la chini. Watu walicheza hadi asubuhi, kisha wengi wao wakaenda zamu.

Mpwa wangu, ukitaka kuandika insha yako, usitegemee vipande vyangu. Vikao viko kwenye YouTube vyote. Kamati nyingi huanza saa mbili u nusu asubuhi hapa, na Januari hiyo ni saa kumi na moja u nusu jioni huko. Anza na za Machi, ndipo miswada inapokimbizana na tarehe za mwisho. Na ukiona karani anasema mswada umewekwa kando, usizime, andika namba yake uutafute tena Mei.