Kikulacho ki nguoni mwako, usikitafute baharini

"Shangazi, nina miaka 34, nakaa Langoni hapa Lamu, mwaka wa tisa kwenye ndoa. Tangu mwaka jana nawashwa huku chini. Nikipaka dawa napoa siku nne tano, kisha yarudi vilevile, na usiku ndiyo balaa. Si uchafu, kwani najiosha kwa sabuni ya dawa asubuhi, adhuhuri na usiku, na kila Alhamisi najifusha udi. Vidonge vya kutia ukeni nimetumia mara sita, na tyubu ya krimu haikosi chini ya mto. Mume wangu huvua Kiwayu, hukaa siku kumi, na mimi najua anachoniletea. Nimemtuma akapime mara mbili, aja na karatasi eti ni mzima. Mama yake naye aniambia nipunguze kujisugua, kana kwamba mchafu ni mimi. Nimehamia chumba cha watoto. Nidai talaka? – Mwenye Dhiki."

Mwanangu, pole. Kuwashwa mahali usipoweza kujikuna mbele za watu ni adhabu, na kukosa usingizi kwaharibu hata akili ya mwenye akili. Pole yangu yaishia hapo.

Barua nimeisoma nikimtafuta mumeo na kosa lake, sikumwona. Nilichokiona ni sabuni. Na nimeona pia neno ambalo hukuliandika: utoko. Mtu mwenye fangasi mara nyingi huwa nao, mzito mweupe kama maziwa mgando. Mwenye trikomona, kijidudu cha zinaa, hulalamika majimaji ya rangi ya manjano au kijani yenye povu na harufu. Wewe huna hata kimoja ulichokitaja. Una muwasho mtupu, wa nje, unaozidi usiku, unaotulia kwa krimu na kurudi krimu ikiisha. Hayo yafanana zaidi na maradhi ya ngozi kuliko ugonjwa wa kuletwa na jahazi.

Mkweo hakukuita mchafu. Kakwambia umezidisha usafi, na kasema kweli. Ngozi ya huko ni nyembamba kuliko ya mkono, na ina mafuta yake ya kujilinda. Sabuni ya dawa huyavua mafuta hayo. Ngozi ikishakauka hupata nyufa ndogo usizoziona, na nyufa huwasha. Wewe ukiwashwa wajikuna, na ngozi inayokunwa hujikinga kwa kuwa nene. Ikishakuwa nene huwasha zaidi, nawe waiongezea sabuni kwa kudhani ni uchafu! Huo ni ukurutu, wengine huuita pumu ya ngozi, na huwapata sana wale ambao kwao kuna pumu ya kifua au ukurutu wa utotoni. Jiulize kwenu.

Na udi. Udi wetu wa kupika una sukari, marashi na mafuta, na wewe wachuchumaa juu ya chetezo moshi na joto vikupige penye nyufa. Fusha nywele, fusha nguo za juu, fusha chumba kizima mpaka jirani apige chafya. Huko chini usipeleke. Hata chupi usiifushe, harufu inayobaki ndani ya pamba yatosha kuichokoza ngozi iliyokwisha kuchoka.

Hiyo krimu iliyo chini ya mto nadhani ni ile ya dawa tatu kwa moja inayouzwa bila cheti: betamethasoni ya kutuliza, klotrimazoli ya fangasi, na dawa ya bakteria. Betamethasoni huzima muwasho kwa siku chache, ndiyo maana wadhani umepona. Ukiacha ghafla, muwasho hurudi kwa hasira. Kama kweli kuna fangasi, hiyo hiyo huwapa nafasi ya kuenea wakati wewe husikii kitu. Ile dawa ya bakteria, hasa ikiwa neomisini, yaweza yenyewe kuwa chanzo cha mzio. Kwa hiyo mwaka mzima umekuwa ukijitibu kwa kitu ambacho huenda ndicho kinachokuwasha.

Siku hizi somo wa mtu ni simu. Zamani kungwi alikuwa mtu mzima anayejulikana nyumba yake, akikufunza vibaya waenda kumgombeza. Leo bibi mmoja asiyejulikana atokako aimba kwenye simu kuhusu shabu ya kubana, ndimu, sabuni ya kung'arisha, na wanawake watia. Shabu hukausha na kuchoma, ndimu ni asidi, na uke wenye afya hauhitaji kusafishwa ndani hata kwa maji. Kisha mambo yakiharibika, lawama apewe mume aliye chomboni. Ndoa ngapi zimevunjika kwa chupa ya sabuni, Mungu ndiye ajuaye. Haya, turudi kwako.

Kwanza tazama. Funga mlango, tandika leso karibu na dirisha, weka kioo kidogo sakafuni uchuchumae juu yake. Ukiona ngozi nene, nyeusi kuliko kawaida, ina mistari kama ya kiwiko, pengine upande mmoja zaidi (upande wa mkono ujikunao), huo ndio ukurutu niliousema. Ukiona wekundu mkali na utando mweupe kwenye mikunjo, fangasi wamo. Ukiona ngozi imekuwa nyeupe, nyembamba yenye vikunjo kama karatasi ya sigara, imezunguka mbele hadi njia ya haja kubwa, au mashavu ya ndani yanaanza kuliwa na kugandana, usikae. Huo huitwa likeni sklerosasi. Hauambukizi wala haukuletwa na mtu, lakini usipotibiwa huharibu umbo, na kwa wachache, chini ya 5 katika 100, hugeuka saratani. Kidonda kisichofunga au uvimbe mgumu, vilevile nenda, wakate kinyama kidogo wakipime.

Ukiona lolote, bado hospitali utakwenda. Pale King Fahd omba muuguzi wa kike kama waona haya, lakini ukifika sema. Mficha uchi hazai. Wiki hiyo usitie kidonge chochote ukeni, na asubuhi hiyo usijisugue, la sivyo kipimo hakitaona kitu. Wachukue utoko kwa kijiti cha pamba wautazame kwa darubini. Pima na sukari kabla ya kula chochote: ikifika milimoli 7.0 kwa lita kwenda juu, na ikirudiwa ikawa vilevile, ni kisukari, na kisukari hulisha fangasi. Sisi na halua zetu na chai ya sukari vijiko vitatu tusijifanye hatuhusiki. Pima na VVU, ni desturi, si tuhuma.

Kipimo kikionyesha fangasi, na wamekupata mara 3 au zaidi ndani ya mwaka, kidonge kimoja hakitoshi. Daktari kwa kawaida huanza na flukonazoli ya miligramu 150 kila baada ya saa 72, mara tatu, kisha moja kwa wiki kwa miezi 6. Mwenye mimba asiiguse. Na fangasi hawahesabiwi maradhi ya zinaa, mume asiyewashwa hatibiwi. Ikiwa ni trikomona, hapo mambo ni mengine: nyote wawili mtatumia metronidazoli kwa wakati mmoja, kwa sababu mwanamume aweza kuwa nayo asisikie kitu. Lakini hilo litasemwa na darubini, si na wewe.

Ikiwa ni ukurutu, dawa kubwa ni kuacha. Acha sabuni zote huko, pedi nyembamba za kila siku, taulo zenye manukato, wembe mkavu. Nywele punguza kwa mkasi mpaka ngozi ipone, siku 40 hazijapita utakuwa umetimiza sunna bila kujichanja. Kutawaza kwa maji matupu kwatosha, sharia haikukutaka sabuni, na kurudia mara tano ni waswasi. Maji ya kisima yakiwa na chumvi yatachoma penye nyufa, tumia yale mnayokunywa. Osha mara moja kwa siku, toka mbele kwenda nyuma, kausha kwa kitambaa laini kwa kugusagusa. Chupi ziwe za pamba, zifuliwe kwa sabuni ya mche na kusuuzwa maji matatu. Ndani ya buibui usivae suruali ya kubana, hasa kaskazi hii joto likizidi, na usiku lala bila chupi.

Usiku kaa kwenye beseni la maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15, jikaushe, kisha paka dawa uliyoandikiwa. Omba marhamu, si krimu, maana krimu ina vihifadhi vinavyochoma. Finya toka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo cha kwanza: hiyo ni nusu gramu, nawe nusu yake yakutosha, penye ngozi nene tu. Dakika 30 baadaye paka mafuta ya Vaseline yasiyo na harufu. Daktari aweza kukupa klobetasoli, dawa kali ya jamii ya betamethasoni, au nyepesi kuliko hiyo, kila usiku kwa wiki 2 hadi 4, kisha usiku mmoja wapaka mmoja waacha, kisha mara mbili kwa wiki. Wengi huharibu hapa: wapoa wiki ya pili, waacha, ngozi bado nene, na mwezi haujaisha wameanza upya. Muwasho huondoka mapema, ngozi kulainika ni wiki 6 hadi 12.

Mikono yako ndiyo adui wa usiku. Kata kucha fupi, vaa soksi safi mikononi ukilala. Muwasho ukipanda bandika kitambaa kilicholowa maji baridi, usikune. Muulize daktari kidonge cha mzio kinacholeta usingizi, unywe saa moja kabla ya kulala.

Talaka usidai. Mwanamume aliyetumwa kupimwa mara mbili akaenda mara mbili, akarudi na karatasi, na bado umemhamia chumba, huyo ana subira kuliko niliyonayo mimi. Akirudi Kiwayu mwambie umekosea, umwonyeshe ulichoandikiwa. Tendo la ndoa liwe baada ya nyufa kufunga, hilo ataelewa akielezwa, hakuelewa kwa sababu hukumweleza. Kwa mkweo nenda kesho na halua ya kusamehewa, yeye ale, wewe usubiri majibu ya sukari.