Waulize Mafundi: Chumba cha rubani cha Super Cub ya zamani

*Tumenunua ndege ndogo ya Piper Super Cub ya 1956 na tunataka chumba cha rubani kirudi kama kilivyotoka kiwandani. Viti vimechanika na rangi inabanduka. Tuanzie wapi? (Msomaji, Nanyuki)*

Anzeni sakafuni, viti vitasubiri. Pigeni picha za kila kebo, kapi na pini kabla ya kung'oa chochote, na kila mnachotoa kifungwe lebo. Mkishaondoa mbao za sakafu, chukueni tochi na kioo kidogo mkague mabomba ya chini ya fremu, hasa upande wa nyuma. Ndege hii huegeshwa mkia ukiwa chini, hivyo maji yote hukimbilia huko. Mengi ya mabomba hayo yana ukuta wa milimita 0.9 hivi, na kutu ikiyala kwa ndani, nje mtaona rangi imevimba kidogo tu. Bonyezeni kwa ncha kali. Ikizama, bomba hilo likatwe na kuchomelewa jipya na fundi mwenye idhini. Kulipaka rangi juu ni kuficha ufa.

Kupuliza mchanga kunafaa, ila mchanga wa ujenzi hula chuma pamoja na kutu. Tumieni chembe laini za oksidi ya alumini kwa shinikizo dogo, kisha siku hiyohiyo pakeni praima (rangi ya msingi) ya epoksi ya kuchanganya. Praima za kawaida huvimba zikiguswa na gundi na dopu, yaani vanishi inayokaza kitambaa kinachofunika ndege. Mkikuta praima ya zamani yenye rangi ya njano-kijani, huenda ni zinki kromati. Vumbi lake husababisha saratani, kwa hiyo msiipige msasa ikiwa kavu.

*Namba za geji zangu za kale haziwaki tena gizani. Naweza kuzifungua nizipake upya? (Msomaji, Arusha)*

Usifungue! Kilichokufa ni unga unaotoa mwanga. Radiamu yenyewe, madini yenye mnururisho yaliyochanganywa na unga huo, hupungua nusu baada ya miaka 1,600 hivi, kwa hiyo iko palepale, na rangi iliyozeeka humeguka kuwa vumbi la kuvutwa puani. Geji yenye kioo kilichopasuka itie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, unawe mikono. Bahati yako, Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ina ofisi hapohapo Arusha: waombe waipime. Kazi ya kubadilisha uso wa geji ni ya karakana yenye kibali.

*Fundi wa viti vya magari amenipa bei nzuri ya kitambaa na sponji kwa viti vya Super Cub yangu. Kuna ubaya? (Msomaji, Dar es Salaam)*

Ushonaji hauna ubaya, tatizo ni moto. Dai cheti cha jaribio la kuungua la kitambaa na la sponji, kila kimoja na chake. Bila karatasi hizo, mhandisi mwenye leseni hana msingi wa kutia saini. Mpe fundi vifuniko vya zamani avitumie kama kielelezo, wala asiongeze unene wa sponji: usukani wa ndege hii ni fimbo iliyo katikati ya miguu, na kiti kilichonenepa huizuia kurudi nyuma mpaka mwisho.

Angalia na uzito. Super Cub ya nguvu-farasi 150 inaruhusiwa kilo 794 na tupu ina takriban 422. Matangi yakijaa, lita 136, yanachukua kama kilo 98, zinabaki 274 za watu na mizigo. Zulia zito na sponji ya kuzuia kelele hula humohumo, tena sponji hiyo hunyonya maji na kuyalaza juu ya mabomba. Kazi ikiisha, ndege ipimwe uzito upya.

*Dirisha jipya la pleksi (plastiki angavu kama kioo) limepasuka kwenye tundu la skrubu. Kwa nini? (Msomaji, Mombasa)*

Tundu lilibana. Pleksi hutanuka juani kuliko chuma: toboa tundu lizidi skrubu kwa milimita 3 hivi, tumia keekee yenye makali yaliyopunguzwa, na usikaze kupita kiasi. Kusafisha ni maji mengi kwanza, kisha sabuni laini na kitambaa cha pamba. Petroli na dawa za vioo zenye amonia huleta nyufa nyembamba ambazo hazing'arishwi zikatoka.